Maji ya Kutu ya Mzee Adalbert

"Naapa kwa kaburi la marehemu mama, haya yote ni kweli tupu!" Ndivyo Mzee Adalbert alivyoanza hadithi zake zote tangu enzi za kazi yake ya reli.

Asubuhi ile aliapa ndani ya chumba cha uzazi, mtaani Makomeno. Binti yake Germaine alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mkunga, Mama Ntumba, akamlaza mtoto kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi. Tone la maziwa likatokea. Lilikuwa zito, la njano.

"Ngoja!" mzee akapiga kelele. "Ile iko kutu! Ku depo ya reli, bomba ikikaa sana, maji ya kwanza tulikuwa tunamwanga inje." Akatoa chupa ya maji ya sukari mfukoni. "Siku tatu apewe hii. Mie mama alinipa maziwa ya kopo ya kompani. Njo maana nilisukuma lokomotivu peke yangu mpaka stesheni ya Sakania!"

"Na kama unadanganya, Papa?" akauliza Mama Ntumba.

"Nitafua nguo za mutoto mwezi muzima!"

Germaine alikua akisikia hadithi hizo, na alizipenda. Akamfunika mtoto, akasita. Mtoto alikuwa akitafuta ziwa kwa mdomo.

"Usingoje, Germaine," mkunga akasema. "Saa hii ya kwanza iko na nguvu ya kunyonya. Kisha atalala. Papa, weye iko muntu wa reli, sikia. Mutoto akinyonya, anapiga filimbi. Ubongo wa mama unasikia. Unatuma wafanyakazi wawili ndani ya damu. Banaitwa homoni. Wa kwanza anatengeneza maziwa. Wa pili anayasukuma, tena anakaza tumbo la uzazi, damu isitoke mingi."

"Na maji yangu ya sukari?"

"Atashiba, hatapiga filimbi. Tena anaweza kupata kuhara. Hii njano haiko kutu. Inamukinga na magonjwa. Iko kidogo, lakini tumbo lake pia iko kidogo."

Kwenye kiti cha pembeni, mtu akacheka. Alikuwa Madeleine, dada mkubwa wa mzee, ambaye yeye humwita yaya.

"Adalbert! Kopo gani? Mie nilikuwa na miaka saba. Ulizaliwa mu kambi ya reli, mvua inapiga mabati. Mama alikuweka ku ziwa palepale. Ulinyonya hata chai ya baba haijachemka. Ile kopo ya maziwa ilikuwa ya chai yake. Na mie njo nililamba kifuniko!"

Mzee akaitazama chupa mkononi. Akasikia tena mvua ya utotoni juu ya mabati yale. Akaona mbabula, lile jiko la makaa, ikiwaka mlangoni, na kanga ya mama yenye harufu ya moshi na maziwa. Miaka mingi hakuwa ameikumbuka.

Akamwaga maji ya sukari.

"Mupe, binti yangu."

Mtoto akanyonya. Baada ya kitambo Germaine akakunja uso. "Tumbo inakaza, Mama Ntumba."

"Ni yule wa pili. Iko ku kazi."

Damu ikapungua. Siku ya tatu maziwa yakajaa. Germaine hakumpa mtoto kitu kingine, hata maji, na mkunga akamwambia aendelee hivyo mpaka miezi sita.

Sasa kila asubuhi Mzee Adalbert anainama juu ya beseni la nguo za mtoto uani. Majirani wanamwamkia na kucheka. Madeleine anakaa karibu, anakagua.

"Ile ingali njano."

"Ni kutu tu, yaya."

"Adalbert. Fua tena."