Mafuta ya Baiskeli Ndani ya Treni ya Bwana

Siku ya soko mjini Kitale hata mbuzi huomba njia. Agneta, gauni la samawati na mshipi mweupe, sare ya mtumishi wa nyumbani, kikapu kakikumbatia kama kitoto kichanga, akamkanyaga Bramwel, fundi baiskeli, aliyechutama kando ya baiskeli iliyopinduliwa.

"Dada, hicho kidole nilikuwa nakipenda."

"Si ungekiacha nyumbani, bana!"

Kidole kikasahaulika papo hapo. "Umebeba nini?"

Akafunua. Kichwa cha treni ya kuchezea, cheusi, kirefu kama hindi la kuchoma.

"Ya mtoto wa bwana?"

"Ya bwana mwenyewe, na ndevu zake. Nilikuwa naipangusa, ikagoma. Anarudi Jumamosi. Akiikuta hivi nafukuzwa, narudi Bungoma, na huko baba anataka kunioza kwa mzee Eliakim."

"Ana meno?"

"Matatu. Na hayapatani."

"Basi umefika kwa fundi," akasema Bramwel, ambaye maishani hakuwa amefungua mota hata moja.

Akafungua skrubu nne, akatoa mota, ndogo kama kiberiti. Kwenye ekseli zilijiviringisha nywele na nyuzi za zulia. Akazichomoa kwa sindano ya Agneta, mabega yakigusana, na kazi ikawa tamu. Kisha akachukua kopo la mafuta ya mnyororo.

"Si hayo ni mengi, kaka?"

"Chuma kikilia, kinyweshe. Fundi ni nani hapa?"

Akaiunganisha na betri kuukuu ya lori aliyokuwa nayo. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Akaifungua tena, springi ndogo ikaruka nyasini, wakaitafuta kwa magoti hadi jua likaegemea Mlima Elgon. Waliipata, lakini mota haikujali. Jasho likamtoka, bisibisi ikamteleza, ikamchoma kiganja.

"Umeniletea maiti!" akafoka.

"Niliileta mgonjwa. Wewe ndiye umeizika." Agneta akamwachia treni, akageuka, machozi yakimlenga, na asubuhi akapanda basi la Bungoma bila kungoja kufukuzwa.

Siku mbili Bramwel aliikodolea macho ile mota akiitukana mpaka ukoo wake. Ijumaa, kwa hasira tu, akaifungua tena. Pale vipande vya kaboni vinapogusana na shaba kupitisha umeme kulikuwa na uji mweusi wa mafuta. Mafuta yake. Akapangusa kwa kitambaa chenye spiriti, akaunganisha waya. Ikaimba.

Akaibeba pamoja na betri, akakimbilia simu ya dukani, akaomba stesheni ya Bungoma, ambako babake Agneta alikuwa karani, kama mwenyewe alivyomsimulia wakichomoa nyuzi.

"Stesheni! Unataka treni gani?"

"Ile ndogo, mzee... yaani, naomba Agneta. Ni mambo ya kazi yake."

Mzee akaguna. Agneta akaitwa, akafika akihema. Bramwel akaweka mota na betri karibu na simu, akaiwasha.

"Ni nyuki?"

"Ni kazi yako. Imefufuka!"

"Kwanza sema nani aliiua."

Mwenye duka alikuwa anasikiliza, na wateja watatu pia. Bramwel akawapa mgongo. "Mimi. Sijawahi kufungua mota. Nilitaka tu usiondoke haraka, mpenzi."

Waya ukakwaruza.

"Basi la alfajiri litanifikisha kabla ya bwana," akasema Agneta, sauti imelainika. "Eliakim akija, atakunywa chai na baba."

"Na mimi nikija kwa baba, na wazee wangu?"

"Njoo. Lakini Bramwel, kwetu kuna saa ya ukutani, cherehani na baiskeli ya baba. Utakaa umefumbata mikono mpaka tuoane."