Kinara na Namba Milioni Moja na Moja

Kila asubuhi Kinara na binamu yake waligombea bomba la uani. Aliyetangulia alilifunga kabla mwenzake hajanawa uso. Wasichana hawa walilala chumba kimoja, wakakaa dawati moja, na hawakuivana hata kidogo.

Mwalimu wa hisabati aliwaweka timu moja makusudi. Akaandika ubaoni 1,000,001.

"Hii ni namba tasa, au la? Igaweni kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu moja. Ikigoma kwa zote, ni tasa. Mtawajibu wenzenu wa darasa la jirani siku ya shindano."

Kinara alichukua zilizo chini ya mia tano, binamu yake zilizosalia. Kinara akagawanya kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7. Kila mara palikuwa na baki. Alipofika 97 mkono ulimuuma, akatupa kalamu. Ingekuwa inagawanyika, si ingeshagawanyika?

"Umefika wapi?" binamu yake aliuliza.

"Nimemaliza zote. Usinichunguze!"

Siku ya shindano Kinara alisimama kifua mbele. "Ni tasa!"

Darasa la jirani liliangua kicheko. "Gawanya kwa 101, ewe bingwa!"

Mwalimu akagawanya ubaoni. Jibu: 9,901, bila baki. Miluzi ikapigwa, madawati yakagongwa.

"Nani alishika 101?" mwalimu alifoka.

Uso ukimwaka, Kinara alimnyooshea kidole binamu yake.

"Muongo mkubwa wewe!" binamu alipiga kelele. Lakini nani angemwamini mbele ya Kinara, anayeongoza kila mtihani? Alitolewa kwenye timu papo hapo.

Nyumbani binamu aliburuta godoro lake hadi sebuleni. Mama yake Kinara alipouliza kulikoni, alijibiwa kwa mkato, "Muulize mwanao, shangazi."

Mama akamgeukia Kinara. Kinara akainamia sahani.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa. "Mwalimu, 101 ilikuwa yangu. Niliishia 97, nikadanganya."

Walimzomea. Mwalimu alimrudisha binamu kwenye timu, akamtaka radhi mbele ya wote. Kisha akamwandikia Kinara namba nyingine: 1,000,003.

"Hii ni yako peke yako. Zote, mpaka ya mwisho."

Safari hii Kinara hakuruka hata moja. Siku alipomaliza 997, alisema, "Ni tasa, mwalimu. Nimezijaribu zote."

Hakuna aliyempigia makofi. Binamu yake alivuta karatasi, akaanza kuigawa upya tangu 2, bila kumtazama. Kinara aliuma mdomo, akangoja. Ilimchukua binamu siku nzima na nyingine, hadi alipoinua kichwa.

"Ni tasa," alisema kwa ukavu.

"Umeona, binti?" mwalimu alimwambia Kinara. "Kuchoka si kosa. Ungesema umeishia 97, mwenzako angeendelea na 101. Ukisema umemaliza na hujamaliza, hata siku utakaposema kweli watu watakagua upya. Basi, vumilia kukaguliwa."