Kigingi Alichokisogeza Marieta

Kila Jumamosi Marieta alimaliza kuchota maji mapema, kisha akamfuata mama yake, Verediana, kwenye kibarua cha kupalilia maharage. Zamani pale Gitting watu walialikana kulima. Mwenye shamba aliwapikia, na mvivu alijulikana kwa wingi wa nyimbo zake. Siku hizi biashara ya mazao ilikuwa imeachwa huru, malori ya wanunuzi yalipanda hadi kijijini, na wenye pesa walikodi mashamba ya wasio nazo. Verediana alipalilia shamba lake mwenyewe, ila maharage yalikuwa ya Bwana Xavery, aliyelikodi.

Msimamizi, Mzee Sulle, aligawa vipande kwa kamba. Marieta alishika ncha na kuchomeka vigingi. Sheria ilikuwa fupi kuliko kamba: asiyemaliza kipande kabla ya jua kuzama halipwi, na Jumatatu haitwi.

Jumamosi moja mama aliamka mgongo unamuuma. Mzee Sulle alipogeuka kukunja kamba, Marieta aling'oa kigingi cha mpakani, akakichomeka hatua nne ndani ya kipande cha mama. Cha mama kikapungua, cha jirani kikavimba.

Jirani alikuwa Kornelia, mke wa mfugaji wa Gehandu. Malisho yao yalikuwa yamelimwa, naye akaja kutafuta kibarua, mtoto mgongoni.

"Kornelia, jembe halikamuliwi," Gaudensia, kibarua mwenzao, alimtania.

"Lingekamuliwa, ningewanywesha nyote."

Alasiri Verediana alimaliza, akashangaa. Wenzake nao walimaliza. Kornelia alibaki ameinama, mtoto akilia, na jua lilikuwa limekaribia mlima.

Mzee Sulle akaja. "Wewe mama wa ng'ombe, Jumatatu usije."

"Nakuomba, mzee. Nyumbani hakuna hata unga."

Marieta alikitazama kigingi. Akisema, mama atafukuzwa. Akinyamaza, yule mtoto atalala njaa.

"Shikamoo, Mzee Sulle," alisema, ingawa walikuwa wameshaamkiana asubuhi. "Kigingi nilikisogeza mimi. Hatua nne ni za mama."



"Kumbe," alisema Mzee Sulle. "Basi mama yako naye hajamaliza. Jua likizama, wote wawili hawalipwi."

Verediana alimtazama binti yake mara moja tu, akaokota jembe, akaingia kwenye mistari. Marieta akang'oa magugu kwa mikono. Gaudensia naye akaja, kisha wanawake wengine, mmoja mmoja.

"Nyie sijawaita," Mzee Sulle alinung'unika.

"Wewe unalipa kipande, mzee," Gaudensia alimjibu. "Mikono hukuihesabu."

Jembe la mwisho lilitua wakati jua limebaki ukucha tu juu ya mlima. Mzee Sulle alilitazama jua kama mtu aliyesalitiwa na ndugu, akawalipa wote wawili. Kamba alimnyang'anya Marieta.

Njiani mama aliuliza, "Uliposogeza kigingi, Bwana Xavery alipungukiwa nini?"

"Hakupungukiwa kitu, mama."

"Na Kornelia?"

"Nusura akose malipo."

"Ndiyo hivyo. Maskini akimwibia maskini mwenzake, tajiri analala usingizi wake wote. Siku nyingine mgongo wangu ukiuma, waambie wenzangu. Umeona mwenyewe walivyokuja."

"Na Jumamosi ijayo, mama?"

"Utashika jembe," alisema Verediana, akijinyoosha mgongo. "Lenyewe halijui kusogeza kigingi."