Maji Matamu ya Rejeta

Awoi aliujua mlio wa lori la Gitau. Magari mengine yalipita Kakuma bila yeye kuinua kichwa. Lakini lori lile liliposikika likivuka mchanga wa mto Tarach, aliacha kazi yake na kusimama nje ya boma.

Mumewe, Losike, alikuwa fundi wa magari katika gereji moja mjini Lodwar. Alikuja nyumbani kwa lori hilo, na lori halikuwa na siku maalumu. Wakati mwingine ilipita miezi mitatu. Binti yao, Atabo, alikuwa na miaka minne. Kila jioni aliuliza, "Baba atakuja kesho?" Awoi alijibu, "Labda." Kisha alitandika ngozi ya kulalia, akiacha nafasi ya mtu mmoja upande wa mlango.

Ilikuwa mwaka wa 1975, na mvua ilikuwa imekosa. Asubuhi moja lori likaja. Lilikuwa linatoa mvuke. Losike akaruka chini.

"Ejok, mama Atabo," alimsalimia.

"Ejok. Umekonda."

"Hata wewe." Akambeba Atabo begani. "Mpira wa rejeta umepasuka. Nikimaliza kuutengeneza, tunarudi."

"Leo hii?"

"Leo hii. Mzigo unangojewa Lodwar."

Awoi aliingia ndani kusonga ugali. Moyoni aliomba mpira ule usipone.

Injini ilipopoa, Losike alifungua rejeta na kukinga maji kwa debe. Yalikuwa ya kijani, yanang'aa. Gitau, dereva, alisema, "Usiyamwage. Nilitia dawa ya rejeta kule Molo. Huku haipatikani." Losike akaliweka debe kivulini, kando ya nyumba. Hakulifunika. Akaufunga mpira kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kisha wanaume wakaingia ndani kula ugali.

Awoi alikaa karibu na mumewe. Alitaka kumwambia mambo mengi, lakini hakujua aanze na lipi. Ndipo akasikia Atabo akicheka nje. Akatoka.

Mwanambuzi alikuwa ametumbukiza kichwa ndani ya debe. Atabo alishika kikombe. Midomo yake ilikuwa na rangi ya kijani.

"Mama, ni tamu! Kama chai yenye sukari."

Awoi alipiga kelele, akalipiga debe teke. Maji yote yakazama mchangani.

Losike alikuja mbio. "Usiogope. Ni maji tu na dawa kidogo. Mtie kidole kooni, atapike."

"Hapana," Gitau alisema. "Twende kwanza kwa Sista."

Zahanati ilikuwa karibu. Muuguzi, Sista Rispa, alikuwa mwenyeji wa Kisii. Aliuliza maswali mafupi.

"Amekunywa nini?"

"Maji ya rejeta, yenye dawa."

"Kiasi gani? Na saa ngapi?"

"Nusu kikombe," Awoi alisema. "Sasa hivi tu. Sista, mbona anacheka? Labda hajadhurika."

Rispa alimpangusa Atabo midomo. "Mama Atabo, dawa hiyo inaitwa glikoli. Ni tamu, ndiyo maana watoto na wanyama huipenda. Kwanza mtu huwa kama mlevi. Baadaye anaweza kuonekana mzima, na jamaa zake wakafurahi. Lakini ndani ya mwili inageuka kuwa sumu kali, inaharibu figo. Mtoto akikosa mkojo, tumechelewa. Nilipofanya kazi Nakuru, tulimpoteza mtoto wa fundi namna hiyo. Walimleta siku ya tatu."

"Basi nimtapishe!" Losike alisema.

"Usimtapishe. Ataanza kusinzia. Akitapika akiwa hivyo, matapishi yataingia mapafuni. Wala maziwa hayasaidii. Anatakiwa hospitali kubwa, Lodwar. Twende sasa. Leteni na kopo la ile dawa, daktari alisome."

Gitau alishika kichwa. "Kopo tupu liko kwenye gari. Lakini rejeta haina maji hata tone."

Awoi alikimbia. Kule Tarach wanawake walikuwa wamechimba visima mchangani. Walikuwa wameshinda hapo tangu alfajiri, wakikinga maji kidogo kidogo. Awoi hakuweza kueleza vizuri. Alisema tu, "Mtoto wangu. Lori." Mwanamke wa kwanza akainua kibuyu chake, akamfuata. Wa pili akafuata. Hakuna aliyeuliza atarudishiwa lini. Rejeta ikajaa.

Walipoondoka, yule mwanambuzi alikuwa akiyumba, miguu ikipishana.

Barabara ilikuwa mbaya. Atabo aliimba, kisha maneno yake yakawa mazito, kisha akalala. Rispa alimlaza ubavu na kuhesabu pumzi zake. Kabla ya nusu ya safari, maji yakachemka. Gitau akasimamisha lori. Losike akanyoosha mkono afungue kifuniko cha rejeta, Gitau akaushika.

"Utaungua uso. Ngoja ipoe."

Wakangoja juani. Awoi alimtazama mwanawe. "Sista, kwa nini mtu atie sumu kwenye gari?"

Gitau ndiye aliyejibu. "Kule kwetu kwenye baridi, inazuia maji yasigande. Huku kwenye joto, inayafanya yasichemke upesi. Tena inazuia kutu. Leo hatuna dawa, ndiyo maana tumesimama."

"Viwandani wanaitumia kuyeyushia vitu," Rispa aliongeza, "kama wino na rangi. Ni kitu chenye kazi nyingi. Kosa si kuwa nayo. Kosa ni kuiacha wazi, mahali mtoto anapofika."

Losike aliinamisha kichwa. "Ni mimi niliyeiacha."

"Nami niliomba lori lisipone," Awoi alisema polepole, "ili ukae."

Losike alimtazama. Akamshika mkono mpaka injini ilipopoa.

Walifika Lodwar jua likizama. Daktari alisoma kopo, akamwekea Atabo mshipani dripu yenye kileo.

"Pombe?" Awoi alishtuka.

"Kileo safi, kwa kipimo," daktari alisema. "Kinaizuia glikoli isigeuke sumu. Lakini msijaribu nyumbani. Pombe yenyewe inaweza kumuua mtoto. Hapa tunampima damu na sukari kila mara."

Siku mbili Awoi aliketi kando ya kitanda. Kila saa Rispa aliuliza, "Amekojoa?" Kila saa Awoi alitikisa kichwa. Siku ya tatu, alfajiri, alipapasa shuka, akalikuta limelowa. Awoi alicheka na kulia pamoja. Hakuwahi kufikiri kwamba angefurahia shuka lililolowa. Siku hiyohiyo Gitau alileta habari kutoka Kakuma: mwanambuzi alikuwa amekufa.

Atabo alikaa hospitali siku kumi na moja. Siku ya kumi, Losike alisema, "Kesho Gitau atawarudisha nyumbani."

"Na wewe?"

"Nitabaki. Nyumba yangu iko ndani ya uwanja wa gereji. Kila mahali kuna mafuta, betri na madebe. Siwezi kuleta mtoto pale. Ungejua ninavyowakumbuka nikiwa peke yangu pale."

"Basi usafishe," Awoi alisema.

Losike alizungumza na mkubwa wake na mafundi wenzake. Walikubali, maana wengine nao walikuwa na watoto mbali. Walijenga chumba cha dawa za magari, chenye kufuli. Glikoli iliyoletwa na madereva ilibaki katika kopo lake lenye maandishi, haikumiminwa tena katika chupa ya soda kama walivyozoea. Maji ya rejeta yalikingwa katika mtungi wenye kifuniko, uliochorwa fuvu jekundu. Yaliyomwagika yalifunikwa kwa mchanga, na mchanga ukazikwa mbali na visima na njia ya mbuzi. Walijenga ua kati ya nyumba na magari.

Kazi ile ilichukua wiki tano. Kisha Gitau akamletea Awoi ujumbe Kakuma. "Mzee wako anasema, fungasha."

Awoi alifunga ngozi ya kulalia na vibuyu viwili. Kabla ya kuondoka alipita visimani, akawaeleza wanawake yote aliyoambiwa na Sista.

Jioni waliingia Lodwar. Losike alikuwa amesimama kwenye lango la gereji, mikono imeoshwa. Atabo alimkimbilia, kisha akageuka na kuita, "Mama, harakisha! Baba yuko nyumbani."