Peni ya Shaba Njano

Chumba cha nyuma cha baa, mtaani Digbeth. Mvua. Len Grice, mkubwa wa genge, alifunga mlango kwa kisigino.

"Sema tena. Taratibu."

Ray Perrott aliweka sarafu bandia ya peni mezani. Aliitengeneza mwenyewe. "Peni ya mfano, si ya kununulia, enzi za Malkia Viktoria. Ndogo, kiini cheupe. Zipo tele, zote ukingo wa shaba nyekundu. Kwenye sinia moja la ukumbi wa mnada, moja ni ya shaba njano. Uchafu umeificha. Wauzaji hawajaijua."

"Si tuinunue tu?" Terry, mdogo wake Ray, akauliza.

"Mzee Ashcroft, yule tajiri mkusanya sarafu, ameiona. Mnadani atatufilisi."

"Mimi, ninunue kitu?" Len akasema. "Mama angenikana."

Terry alikuwa ametoka jela kwa masharti. Akikamatwa tena, anarudi kumaliza kifungo. Wote walijua. Lakini vidole vyepesi vilikuwa vyake.

Saa nne asubuhi. Ukumbi wa mnada, siku ya kukagua.

"Karibu, Bwana Perrott," alisema Bi Hollis, msimamizi wa masinia. Pale Ray aliheshimiwa. Akapekua, akaipata, akaiacha pembeni mwa sinia ili Terry aione.

Saa nne u nusu. Terry akaketi. Alivaa tai ya marehemu baba yao. Vidole vikapita mara moja: halisi kiganjani, bandia siniani. Safi.

Angeinuka, yangekwisha. Lakini alitaka aonekane mteja. Akachukua kipande cha zamani cha shaba, kitambulisho cha wachimba makaa, akakipulizia pumzi, akakisugua kwenye suruali king'ae.

Ukumbi mzima ukageuka. Mzee mmoja alishika kifua. Watu wale hawasugui sarafu. Ule weusi wa miaka ndio thamani yenyewe.

"Nani kamleta huyu?" Bi Hollis akafoka. Mlinzi akasogea.

Neno moja la Ray lingetosha: ni mgeni wangu, mwieni radhi. Terry akamtazama, akingoja.

"Simfahamu," Ray akasema.

Terry akatimua mbio. Mlinzi akamwangusha ngazini. Damu kwenye vigae, na jino. Nje, Len alisikia makelele, akaondoa gari.

Polisi wakamfungua kiganja.

"Hii yangu," Terry akasema, mdomo umevimba. "Nimetoka nayo nyumbani."

Bi Hollis akazilinganisha peni mbili, akashindwa. "Bwana Perrott, wewe ndiye mjuzi. Ipi ni yetu?"

Angeonyesha ile ya siniani tu, na mdogo wake angekwenda zake. Lakini Mzee Ashcroft alikuwa amesimama begani pake, lenzi mkononi, naye aliijua halisi. Ray akahisi pumzi yake shingoni.

Akagusa ile iliyotoka kiganjani mwa Terry.

"Hii."

Terry akacheka kwa mdomo wa damu. "Bwana huyu ana jicho kali," akamwambia polisi, akanyoosha mikono apigwe pingu.