Kovu Kwenye Picha ya Upande

Jua lilikuwa linazama mtaani kwetu Munuki nilipochukua simu na futi ya fundi cherehani, nikaelekea kwa Awut. Mama nilimwambia nakwenda kupigwa picha za kutafutia kazi ya uanamitindo. Hakuwa amedanganywa sana. Ila hizo picha zilikuwa mtego, na niliyekuwa namtega nilitaka afe.

Aliitwa Gatwech, wakala wa wanamitindo. Mwaka jana alimwona pacha wangu Nyaboth kwenye tovuti ya wanamitindo, akamwita nyumbani kwake mtoni ampime. Nyaboth aliletwa amefunikwa shuka, nywele zimejaa matope. Gatwech akaapa kwamba aliteleza akaangukia mtoni.

Sisi Wanuer hatusemi pacha amekufa. Pacha ni ndege, kwa hiyo tunasema ameruka. Wala hawekewi matanga, maana aliyebaki ndiye yeye: miili miwili, mtu mmoja. Haya. Kama mimi ndiye yeye, basi na kisasi chake ni changu.

Awut ni rafiki yetu, muuza chai, na aliwahi kutembea kwenye maonyesho ya mavazi. Alinisimamisha kwenye ukuta mtupu karibu na dirisha, mwanga ukiwa bado upo.

"Futa hiyo rangi ya mdomo."

"Kidogo tu, dada."

"Kidogo ya harusi ya nani? Wanataka kuona mifupa ya uso, hawataki wanja. Bana nywele nyuma. Na urefu uandike wa kweli. Ukidanganya huku, futi itakuumbua kule."

Akanipima kiuno, nyonga na mabega, nikaandika. Akapiga picha ya mbele. Akapiga ya mwili mzima. Kisha ya upande.

Hapo ndipo harufu ilipoingia. Matope ya mto... na manyoya yaliyolowa.

"Awut, unaisikia hiyo harufu?"

Alikuwa ameikodolea macho simu.

"Umejikata lini kidevuni?" akanong'ona.

"Sijajikata."

"Tazama."

Pichani, chini ya kidevu changu, palikuwa na kovu lililopinda. Nikajipapasa haraka. Ngozi ilikuwa laini, haina kitu.

Kovu lile ni la Nyaboth. Aliangukia jembe tukiwa wadogo.

"Nakuomba, mdogo wangu. Futa, tupige nyingine."

"Si umesema wanataka ukweli? Weka hiyo hiyo."

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka meno yakagongana. Nikaandika jina langu, Nyaduoth, yaani anayefuata, nikamtumia Gatwech wasifu wote.

Chai ya Awut haijachemka, jibu likaingia.

"Uso huu naujua. Wewe nani?"

"Nipime ujue," nikaandika.

Kisha uchu ukaishinda hofu yake.

"Njoo nyumba ya mtoni sasa hivi. Peke yako."

Nikachukua kisu cha kukatia tangawizi, nikakificha kiunoni. Awut akanishika mkono, akawa ananivuta kama mtoto. Tukiwa hapo mlangoni tunavutana, simu ikalia tena.

"Umefika upesi. Mbona hugongi?"

Tukatazamana.

"Mbona umesimama tu dirishani?"

Mguu wangu ulikuwa bado ndani ya nyumba ya Awut.

"Mbona umelowa?"

Kisha ukaja ujumbe wa sauti. Hakukuwa na neno hata moja. Mabawa tu... mabawa makubwa, yakipiga ukuta kwa ukuta... na chini yake mtu akibugia maji.

Halafu kimya.

Asubuhi walimkuta Gatwech kitandani, amekufa. Shuka kavu, sakafu kavu. Walipomgeuza, maji ya mto yakamwagika mdomoni, na unyoya mmoja mweupe. Malipo ni hapa hapa duniani. Sikumhurumia, na hata leo simhurumii.

Nilidhani yamekwisha.

Juzi aliniandikia wakala mwingine, wa ng'ambo, mwanamke; anasema ile picha Gatwech alimtumia usiku ule ule. Anamtaka msichana wa kovu. "Usilifunike," ameandika, "ndilo lililotuvutia." Awut akanisihi nimjibu kwamba picha ilikosewa, mimi kovu sina. Nikamwahidi nitajibu hivyo jioni.

Jioni nikanawa uso. Vidole vikakwama kidevuni.

Mama alikuwa uani, anamimina uji wa kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, juu ya bati la moto. Aliinua macho akanitazama kidevu, akatazama mpaka kisra ikaanza kuungua. Tangu mwaka jana hakuwahi kulitamka lile jina.

"Nyaboth," akaita, taratibu kabisa. "Njoo ule, mwanangu."

Nikaitika, kabla sijakumbuka kwamba si jina langu.