Kamba za Susu

Haya alinisimulia fundi kamba wa mtaani kwetu, mchana mmoja wa mvua, tukisubiri nguo zikauke.

Kila alasiri, binti wa kaka yake alikuja kibarazani kwake kusokota katani. Walimwita Bi Ndoto, maana mikono ilisokota huku akili ikitembea mawinguni. Safari hiyo alikuwa amesokota bunda zima peke yake, ili itundikwe susu, kitanda cha kuning'inia cha mdogo wake mchanga.

"Kata vipande vitano," alisema shangazi yake, ndiye huyo fundi. "Tuvifungie ndoo ya mchanga, tuone vinakatikia wapi. Tukiikata kamba yote tutamtundika mtoto kwa hewa?"

Bi Ndoto akacheka, akachagua vilivyonona na kung'aa. Vyote vilikatika karibu na kilo arobaini.

Shangazi akakuna kichwa. "Mwanangu, kamba ya mkono hailingani namna hii. Umechagua?"

"Hapana, Shangazi."

Ndani, kichanga kikaguna. Bi Ndoto akaiota susu, macho yakiwa wazi kabisa: inapanda polepole kupita mawingu, na juu kule uzi mmoja mwembamba unafumuka.

"Nimechagua," akanong'ona. "Nilitaka utundike kamba yangu."

"Haya. Fumba macho, ukate popote mkono utakapoangukia."

Safari hii kimoja kilikatika kwa kilo ishirini tu, kingine thelathini na nane. Shangazi akaandika yote ukutani kwa chaki, akapiga hesabu aliyofunzwa chuo cha ufundi.

"Wastani wa hivi vitano ni kilo thelathini. Wa kamba yote, nakisia uko kati ya ishirini na moja na thelathini na tisa."

"Mbona umeachia nafasi kubwa hivyo?"

"Tumepima vitano tu. Tungepima vingi, ingebana. Hata hivyo njia hii hukosea mara chache, kama tano kwa mia. Tena wastani si kila kipande, hicho cha ishirini umekiona. Mtoto ana kilo nne. Tutaikunja kamba mara tatu." Akamshika bega. "Vipande ulivyochagua vilikusifu wewe. Hivi vimeniambia kweli ya kamba. Ukipima, mwanangu, usifiche kilicho dhaifu."

Wakaitundika susu kibarazani. Mama mtu akasinzia mkekani, shangazi akakoroma kitini, mkono wa Bi Ndoto ukasukuma, ukasukuma, ukatulia. Susu ikaendelea kidogo yenyewe. Mtoto akazitazama zile kamba, akapiga miayo, akalala.